Kumkanda mjamzito: mlalo, mafuta, mikono, na sehemu za kuziacha

Mjamzito huomba kukandwa kiuno kinapomuuma, mabega yanapokakamaa au miguu inapojaa jioni. Yote matatu hupata nafuu mikononi mwa mtu makini. Maelekezo haya ni ya anayekanda nyumbani, awe mume, dada, mama au shoga, na pia ya mkandaji wa saluni ambaye hajapata mafunzo ya masaji ya wajawazito. Kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine yote: nguvu ya mkono iende mgongoni, mabegani na kwenye nyonga, miguuni iwe nyepesi, tumboni isiwepo kabisa.

Maswali kabla ya mafuta

Anza na kadi ya kliniki. Tazama presha ya hudhurio la mwisho: namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini ikiwa 90 au zaidi, usimkande. Arudi kliniki. Muulize pia kama leo ana kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au uvimbe uliomjaa ghafla usoni na mikononi. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachonyemelea. Baadhi ya watu huona uvimbe wakadhani ndio sababu ya kukanda, na saa ambazo angepaswa kuwa hospitali zinaishia kwenye mkeka.

Usimkande vilevile akiwa anatokwa na damu au maji ukeni, akiwa na maumivu ya tumbo yanayokuja na kuachia kabla ya wiki ya 37, mtoto akipunguza kucheza, au akiwa na homa. Homa ya mjamzito ni ya kupimwa malaria siku hiyohiyo. Mwili kumuuma akiwa na joto kali si uchovu wa kuondolewa kwa mikono.

Wapo ambao wanaweza kukandwa, lakini baada ya mkunga au daktari wao kuridhia: mwenye mapacha, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, mwenye kondo la nyuma lililojishikiza chini, mwenye ugonjwa wa moyo, seli mundu au kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye mishipa iliyovimba na kujiviringisha miguuni. Huyu wa mwisho unaweza kumkanda mabega na mgongo; miguu yake iache.

Halafu kuna miezi mitatu ya mwanzo. Wakandaji wengi hukataa kabisa kumgusa mwenye mimba changa. Ukweli ni kwamba kukandwa mabega taratibu hakujathibitika kuharibu mimba, na mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu ya kasoro za kromosomu zilizokuwepo tangu yai liliporutubishwa. Lakini mimba ikitoka siku mbili baada ya kukandwa, hakuna atakayeikumbuka kromosomu. Anayekanda kwa malipo ana haki ya kusubiri hadi wiki ya 13. Nyumbani, kwa wiki hizo za mwanzo, shingo, mabega, mikono na nyayo zinatosha, na kichefuchefu chenyewe mara nyingi hakimruhusu alale akandwe muda mrefu.

Mafuta na vifaa

Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya zeituni au ya lozi, yoyote yanafaa. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha mgongo mzima. Ukizidisha, mkono unateleza bila kushika misuli. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Arusha au Nairobi mwezi wa Julai utaikuta chupa imekuwa nyeupe. Usiiweke jikoni juu ya moto. Itumbukize kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha tia tone ndani ya kifundo cha mkono wako upime joto.

Kama hajawahi kutumia mafuta hayo, mpake kidogo kwenye kikunjo cha kiwiko siku moja kabla. Ngozi ya mjamzito inaweza kukataa kitu ilichokizoea zamani. Harufu nayo ni yake kuamua: akisema inamkera, badilisha, hata kama wewe unaipenda.

Dawa za kuchua zinazouzwa dukani, zile zinazowasha na kunukia kafuri, ziweke kando. Kafuri na salisilate, dawa ya jamii ya aspirini, hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Jeli ya diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu, asijipake bila daktari kumwambia, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa dawa za kundi lake zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na karibu na mwisho wa mimba kuathiri mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wake. Mafuta makali ya kunukia, yakiwemo ya karafuu, usiyapake yakiwa matupu, yanaunguza ngozi. Kwa mwenye mimba mimi ningeyaacha kabisa. Mafuta ya nazi yasiyo na kitu yanafanya kazi ileile.

Andaa mito minne au mitano, au blanketi zilizoviringishwa ndani ya kanga. Tandika kanga kuukuu juu ya godoro kwa sababu mafuta hayatoki kirahisi. Kitanda kilaini sana humfanya azame na kiuno kipinde. Godoro gumu, au godoro jembamba lililowekwa chini juu ya jamvi, ni bora, ingawa magoti yako wewe mkandaji yatahitaji mto pia. Kata kucha, vua pete na saa. Yeye aende haja ndogo kwanza, na iwe imepita kama saa moja na nusu tangu ale, la sivyo kiungulia kitamwamsha katikati.

Mlalo

Baada ya wiki ya 20 asilale chali kwa muda mrefu. Mji wa mimba ukishakuwa mzito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, presha inashuka, anaona kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu, na damu inayokwenda kwa mtoto inapungua. Kulala kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la tumbo, kinachoonekana kwenye baadhi ya spa, hakupendezi sana pia: tumbo linaning'inia na kuvuta kano za mji wa mimba na misuli ya kiuno, ileile inayouma.

Alale ubavu, aanze na wa kushoto. Mto mmoja kichwani, mnene kiasi cha kufanya shingo inyooke sawa na mgongo. Mto wa pili mrefu uwe kati ya miguu, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanauweka kati ya magoti tu, mguu unaninginia kuanzia goti hadi kifundo, na nyonga inajisokota. Mto lazima ufike mpaka kwenye kifundo cha mguu, paja la juu likae sambamba na kitanda. Wa tatu ni mwembamba, unachomekwa chini ya tumbo ili lisivute kuelekea godoroni. Wa nne aukumbatie, mkono wa juu uupumzikie. Kama kuna wa tano, uweke nyuma ya kiuno wakati hukandi mgongo.

Mfunike kwa kanga, uache wazi sehemu unayoifanyia kazi tu. Muulize kama yuko sawa, halafu subiri sekunde chache. Wengi hujibu "niko sawa" kwa adabu, kisha wanajisogeza; kule kujisogeza ndiko jibu.

Mgongo na kiuno

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo hapa ndipo pa kutulia. Tumbo likikua, uzito wake huvuta mwili mbele, kiuno kinapinda kuingia ndani, na misuli miwili mirefu inayopita pembeni mwa uti wa mgongo inafanya kazi kutwa nzima kumzuia asiinamie mbele. Misuli hiyo ndiyo unayoitafuta.

1. Piga magoti nyuma yake. Paka mafuta kwenye viganja vyako, si moja kwa moja mgongoni, uvisugue vipate joto. Weka viganja viwili chini ya kiuno, pandisha hadi mabegani, zungusha kwenye mabega, shuka kwa ubavu wa mgongo. Rudia mara sita hadi nane, polepole, pumzi moja kwa kila mzunguko. Hii ni ya kuizoeza misuli, usibonyeze bado.

2. Tafuta uti wa mgongo kwa vidole, halafu sogea upana wa vidole viwili pembeni. Hapo pana mtuta wa misuli. Tumia kitako cha kiganja kuusukuma taratibu mbali na uti, kuanzia kiunoni kwenda juu, sehemu moja baada ya nyingine, ukikaa sekunde tano kila mahali. Uti wenyewe usiubonyeze. Ni mfupa, hauna cha kulegea.

3. Ukikuta fundo, tulia juu yake kwa gumba lililonyooka au kifundo cha kidole, ongeza uzito kidogo kidogo kwa kuegemea mwili wako, kaa sekunde 15 hadi 20, kisha achia polepole. Mpe kipimo: sifuri ni hasikii kitu, kumi ni maumivu asiyoweza kuvumilia. Mgongoni usivuke tano. Akianza kuzuia pumzi au kukunja vidole vya miguu, umeshavuka, hata kama mdomo unasema endelea.

4. Malizia kiuno kwa kuweka kiganja bapa juu ya ule mfupa wa pembetatu ulio juu ya mfereji wa matako. Egemea taratibu kuelekea mbele, kaa dakika moja. Wajawazito wengi hushusha pumzi ndefu hapa.

Dakika 10 kila upande zinatosha. Kabla ya kukanda, au baada, unaweza kuweka kitambaa cha uvuguvugu kiunoni dakika 10. Tumboni usiweke joto, na mawe ya moto, sauna na kujifusha mvuke viachwe hadi ajifungue. Joto la mwili likipanda kupita nyuzi 39 si salama kwa mtoto, hasa mimba ikiwa changa.

Nyonga na matako

Vichocheo vya mimba hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga. Misuli ya matako inakaza ili kufidia, na kukaza huko wakati mwingine kunabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, ndiyo maana anasikia umeme unatembea hadi nyuma ya goti. Kunja ngumi, tumia ule upande bapa wa vidole, uzungushe pole pole juu ya nyama ya tako la juu, katikati ya mfupa wa nyonga na lile fundo la mfupa la ubavuni mwa paja. Usitumie kiwiko. Mkandaji hawezi kuhisi kwa kiwiko kile anachohisi kwa mkono, na ukiangukia juu ya ule mshipa utamzidishia.

Usimpanue miguu kwa nguvu wala kuivuta ati unyooshe nyonga. Anayeumwa mfupa wa mbele wa kinena anaweza kushindwa kutembea kesho yake. Akigeuka upande wa pili, abane magoti pamoja na kugeuka mwili mzima mara moja. Maumivu ya nyonga yasiyotulia kwa kukandwa hutulizwa vizuri zaidi na mazoezi anayofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na mkanda wa kushikilia tumbo. Shirika la Afya Duniani lina vyote viwili kwenye mapendekezo yake ya huduma za ujauzito ya mwaka 2016.

Miguu: mkono mwepesi, na sababu yake

Damu ya mjamzito huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Mwili unajiandaa usipoteze damu nyingi siku ya kujifungua. Wakati huohuo mji wa mimba unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, damu inatembea taratibu. Mambo hayo mawili yakikutana, donge la damu linaweza kufanyika ndani ya shavu la mguu au paja, na mara nyingi zaidi ni mguu wa kushoto. Ukilikamua kwa gumba linaweza kung'oka na kusafiri hadi kwenye mapafu. Hiyo ndiyo sababu, na inatosha.

Kabla ya kugusa, tazama miguu yote miwili pamoja. Ikiwa imevimba sawasawa jioni na inapungua asubuhi, ni ya kawaida. Mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, una joto, umebadilika rangi au unauma kwenye shavu, usiupake hata mafuta. Aende hospitali leo.

Miguu ikiwa salama, iinue juu ya mito miwili. Tumia kiganja kizima, uzito usiozidi wa kumpaka mtoto mafuta, kutoka kwenye vidole kwenda kifundoni, kifundoni kwenda gotini. Daima kuelekea juu. Ndani ya paja usikande kabisa. Nyayo unaweza kuzibonyeza kwa gumba, na ni raha kubwa. Wengine huonya dhidi ya kubonyeza sehemu iliyo vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, na ile ya mkononi kati ya gumba na kidole cha shahada, kwamba zinaanzisha uchungu. Ushahidi wake ni hafifu, lakini hakuna unachopoteza ukizipita.

Misuli ya mguu ikimkaza usiku, usikimbilie kukanda. Nyoosha goti lake, shika vidole vya mguu, vivute kuelekea gotini na ukae hivyo kama nusu dakika. Msuli utaachia wenyewe.

Ukimaliza, futa nyayo zake kwa taulo kavu. Sakafu ya vigae na nyayo za mafuta zimeangusha watu ambao hawakuwa hata na mimba.

Shingo na mabega

Hapa akae. Kiti cha kawaida akikalie kinyume, mbele aegemee mto kwenye mgongo wa kiti. Shika nyama ya bega kwa kiganja na vidole, inua kidogo, achia, sogea kutoka shingoni kwenda nje. Ukosi ukandwe kwa ncha za vidole kwa miduara midogo chini ya fuvu. Shingo usiipinde mpaka ilie. Chuchu na matiti yasikandwe, kwa kuwa kusisimua chuchu hutoa kichocheo kilekile kinachokaza mji wa mimba. Kama vidole vyake vina ganzi asubuhi, mkande viganja na sehemu ya ndani ya mkono kuelekea kwenye kiwiko kwa dakika tatu, na alale bila kukunja vifundo.

Tumbo, na habari ya "kumweka mtoto sawa"

Tumbo hupakwa mafuta, halikandwi. Kiganja bapa, mduara mpana, uzito wa mkono peke yake, na afadhali afanye mwenyewe. Itapunguza mwasho wa ngozi inayovutika. Michirizi haitazuiwa, mafuta yote yaliyopimwa hayajathibitika kuizuia, pamoja na yale ya bei. Mwasho mkali wa viganja na nyayo usio na vipele, unaozidi usiku, ni wa kupelekwa kliniki kwa sababu unaweza kutoka kwenye ini.

Sehemu nyingi bado kuna bibi anayeitwa kuja kumgeuza mtoto aliyetanguliza matako. Mkatae kwa heshima. Kusukuma mtoto kwa nje bila kumwona kunaweza kunyofoa kondo la nyuma kabla ya wakati, na kwa aliyewahi kupasuliwa, kunaweza kupasua mji wa mimba kwenye kovu. Sifa anayopata huyo bibi ina maelezo mepesi: watoto wengi waliokaa vibaya wiki ya 28 au 30 hugeuka wenyewe, na wakati wa kujifungua wanabaki 3 au 4 tu kati ya 100. Anayebaki hugeuzwa hospitali kuanzia wiki ya 36 au 37, na daktari, baada ya kupima kwa ultrasaundi, mapigo ya moyo ya mtoto yakisikilizwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu.

Kumwinua

Muda wote usizidi dakika 45. Asiinuke kwa kukaa moja kwa moja kutoka kulala. Akunje magoti, ajiegemeze kwa mikono miwili upande aliolalia, miguu itangulie chini, akae dakika moja kabla ya kusimama. Ampe mtu mkono. Maji glasi moja ni mazuri kwa kuwa ana kiu.

Siku ya uchungu

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua yanataja kukandwa na vitambaa vya joto kati ya njia za kupunguza maumivu kwa mama mwenye afya njema anayezihitaji. Muulize mkunga wa zamu kama msindikizaji anaruhusiwa kuingia.

Mama aegemee ukuta, kitanda au mabega yako. Uchungu unapoanza kupanda, weka kitako cha kiganja kwenye ule mfupa wa pembetatu uliouzoea, nyoosha kiwiko, egemea kwa uzito wa mwili. Sasa nguvu inaruhusiwa, na wengi huomba izidishwe. Shikilia bila kusugua mpaka uchungu utulie, ndipo uachie polepole. Akisema haimsaidii, sogea juu au chini kwa upana wa vidole viwili, maana sehemu inayouma hushuka jinsi mtoto anavyoshuka. Njia nyingine: simama nyuma yake, viganja viwili ubavuni kwenye nyama ya matako, bana kuelekea ndani na juu kidogo. Mikono itachoka baada ya nusu saa, kwa hiyo mkiwa wawili mpokezane.

Uchungu ukikolea sana anaweza kukataa kuguswa ghafla, hata na mkono uleule aliokuwa anaulilia dakika tano nyuma. Toa mkono bila kuuliza sababu, mpe kitambaa chenye maji baridi ajifute uso, ukae karibu.